Kuhesabu Kabla ya Kunena: Kompyuta na Lugha ya Kigiriki cha Kale



Mara nyingi katika mahubiri na mafunzo twasikia maneno haya: "Kwa Kigiriki neno hili maana yake hasa ni hivi." Hapo watu wote hunyamaza. Hakuna wa kumbishia msemaji, kwa kuwa hapa Hirbadaw wanaojua Kigiriki hawafiki vidole vya mkono mmoja. Sisi wenyewe twakijua kidogo tu, kile tulichojisomea jioni kwa jioni tangu tulipostaafu kufundisha. Somo letu la mwezi huu lahusu jinsi kompyuta inavyotumika kuichunguza lugha hiyo ya kale, na jinsi msomaji wa kijijini mwenye simu anavyoweza kuitumia kazi hiyo ili apime mambo anayoambiwa. Tutaanza na kosa letu wenyewe, kwa maana ndilo lililotufanya tuandike.

1. KOSA TULILOLIFUNDISHA

Jumapili moja baada ya Pasaka tuliombwa kuongoza mafunzo baada ya ibada. Sura ilikuwa Yohana 21, pale Bwana Yesu anapomwuliza Petro mara tatu kama ampenda. Tulieleza, kama tulivyokuwa tumeeleza kwa miaka mingi, kwamba Kigiriki kina maneno mawili mahali hapo. Mara ya kwanza na ya pili Yesu auliza kwa neno agapao, na Petro ajibu kwa neno phileo. Mara ya tatu Yesu naye atumia phileo. Tukasema kwamba agapao ni upendo mkuu wa kimungu, na phileo ni urafiki wa kawaida. Kwamba Petro alishindwa kupanda mlima, basi Bwana akamshukia bondeni. Maelezo hayo ni matamu, na watu waliyaandika katika madaftari yao.

Baada ya mafunzo mama mmoja mjane alitungoja mlangoni. "Mwalimu," akasema, "katika Biblia yangu yote ni kupenda tu. Basi miaka yote hii nimekuwa nikisoma nusu?" Tulimjibu upesi kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha. Hatukufikiri jibu hilo lingefanya nini. Mama huyo ndiye aliyekuwa akiwasomea wenzake kwa sauti katika mikutano ya nyumba kwa nyumba, kwa sababu macho ya wengi wao yamechoka. Juma lililofuata alimpa kijana Biblia asome yeye, naye akaketi nyuma.

Baadaye mjukuu wetu alikuja likizo kutoka chuoni, nasi tukamsimulia habari za maneno hayo mawili. Akasikiliza, kisha akauliza, "Babu, umeyahesabu?" Tukamwuliza, kuhesabu nini? Akasema, "Mahali pote yalipo."

Hatukuwa tumeyahesabu. Tulikuwa tumenakili kutoka katika kitabu, na huenda mwandishi wa kitabu naye alinakili kwa mwingine. Mjukuu akafungua simu yake penye programu ya bure iitwayo STEP Bible, iliyotengenezwa na Tyndale House ya Cambridge, Uingereza. Kabla chai haijachemka alikuwa ametuonyesha orodha nzima ya Agano Jipya: agapao mara 143, phileo mara 25. Usiku ule tuliketi na kalamu tukasoma mahali pamoja pamoja.

2. HESABU ILITUONYESHA NINI

Tafadhali, msomaji, chukua Biblia yako utufuate.

(a) Yohana asema kwamba Baba ampenda Mwana. Katika 3:35 neno la Kigiriki ni agapao. Katika 5:20 jambo ni lile lile, na neno ni phileo. Hatuwezi kusema kwamba Baba alimpenda Mwana kwa upendo mkubwa katika sura ya tatu na kwa upendo mdogo katika sura ya tano.

(b) Upendo wa Yesu kwa Lazaro na dada zake watajwa kwa phileo katika 11:3, na kwa agapao katika 11:5. Kati yake kuna mstari mmoja tu.

(c) Yule mwanafunzi aliyependwa na Yesu aelezwa kwa agapao katika 13:23, na kwa phileo katika 20:2.

(d) Neno agapao latumika hata kwa mambo mabaya. Watu walipenda giza (3:19), walipenda sifa za wanadamu (12:43), na Dema alipenda ulimwengu huu akamwacha Paulo (2 Tim. 4:10). Pote ni agapao.

(e) Mafarisayo walipenda viti vya mbele. Luka 11:43 yasema agapao. Mathayo 23:6 yasema phileo. Kosa ni moja, maneno ni mawili.

(f) Katika Septuaginta, yaani Agano la Kale lililofasiriwa kwa Kigiriki kabla ya Kristo, twasoma habari za Amnoni aliyemharibu Tamari (2 Sam. 13). Mstari wa 15 waiita tamaa yake agape. Hapo hapana upendo wa kimungu hata kidogo.

Tena tuliona kwamba katika Yohana 21:15-17 si neno la kupenda tu linalobadilika. Mwandishi abadili pia neno la kondoo, neno la kulisha, na neno la kujua. Basi yaelekea sana kwamba Yohana apenda kubadili maneno kama afanyavyo msimulizi yeyote mzuri, na wala hakumwekea Petro mtego wa msamiati.

Haya hayamaanishi kwamba maneno hayo mawili ni sawa kabisa kila mahali. Phileo laweza kuwa na maana ya kubusu, kama katika Marko 14:44 habari za Yuda; agapao halina maana hiyo. Tena wako wataalamu ambao bado waona tofauti fulani katika mazungumzo ya Petro na Bwana. Lakini hao hawana budi kuleta hoja kutoka katika sura yenyewe. Hawawezi kusema kwamba neno lenyewe, popote liwapo, ni la kimungu. Hesabu imeufunga mlango huo.

3. KAZI HII ILIFANYWAJE ZAMANI

Mambo tuliyoyapata usiku mmoja yalikuwa kazi ya maisha ya mtu. Kitabu kinachoorodhesha kila neno la Biblia na mahali lilipo huitwa itifaki. James Strong wa Marekani alisimamia itifaki yake, pamoja na wasaidizi wengi, kwa zaidi ya miaka 30 kabla ya kuchapishwa mwaka 1890. Tarakimu alizoyapa maneno ya Kiebrania na Kigiriki zingali zikitumika ndani ya simu zetu leo. Mwaka 1897 zilichapishwa itifaki mbili kubwa za Kigiriki: ya Moulton na Geden kwa Agano Jipya, na ya Hatch na Redpath kwa Septuaginta. Vitabu hivyo vilikuwa vizito na vya bei kubwa. Hata katika chuo cha ualimu tulikofundisha hatukuviona kamwe.

Miongoni mwa watu wa kwanza waliotumia kompyuta kwa kazi ya namna hii alikuwa padre wa Kianglikana, John W. Ellison wa Kanisa la Episcopal huko Marekani. Alitumia kompyuta iliyoitwa UNIVAC, mashine ya kujaza chumba kizima, na mwaka 1957 itifaki ya Biblia ya Kiingereza iliyotokana na kazi hiyo ilichapishwa. Ellison alikuwa pia amechunguza katika Chuo Kikuu cha Harvard jinsi kompyuta inavyoweza kulinganisha nakala za kale za Agano Jipya la Kigiriki.

Mwaka 1972 kazi kubwa zaidi ilianzishwa katika Chuo Kikuu cha California, Irvine. Marianne McDonald, aliyekuwa mwanafunzi wa shahada ya juu hapo, alitoa fedha ili maandishi yote ya Kigiriki cha kale yaingizwe katika kompyuta. Kazi hiyo yaitwa Thesaurus Linguae Graecae, maana yake hazina ya lugha ya Kigiriki. Leo ina maneno zaidi ya milioni 110, tangu mashairi ya Homer hadi waandishi wa Konstantinopoli na baada yao. Agano Jipya lote lina maneno kama 138,000 tu. Msomaji aweza kuona jinsi lilivyo kijito kidogo pembeni mwa bahari hiyo.

4. KOMPYUTA HUIONAJE LUGHA

Shida ya kwanza ilikuwa herufi. Mashine za wakati ule zilijua herufi za Kirumi peke yake, na Kigiriki kina herufi zake, tena zenye alama juu. Mtaalamu David W. Packard akabuni namna ya kukiandika kwa herufi na alama zilizomo katika mashine ya kawaida. Neno logos likawa LO/GOS, na agapao likawa A)GAPA/W. Ile W yasimama mahali pa herufi omega kwa kuwa umbo lake lafanana nayo, na mkwaju ni alama ya mkazo. Leo simu zetu zaonyesha herufi za Kigiriki zenyewe, lakini maandishi mengi yaliingia kwanza kwa njia hiyo.

Shida ya pili ni kubwa zaidi, na sisi tusemao Kiswahili twaielewa kuliko Waingereza. Ukiiambia kompyuta itafute "penda", itakupatia "nampenda" na "hatukuwapenda". Lakini haitakupatia "tumpende", wala "upendo", wala "wapenzi". Ukipunguza ukatafuta "pend", bado "wapenzi" watakuponyoka, kwa sababu d imegeuka kuwa z. Ukitafuta kitenzi "ja", hutapata "njoo", ingawa ni kitenzi kile kile. Badala yake utaletewa "jana" na "jambo" na "haja", ambayo hukuyataka.

Kigiriki ni vivyo hivyo. Kitenzi kimoja chaweza kuwa na mamia ya maumbo. "Tulipenda" ni egapesamen: a ya mwanzo imegeuka kuwa e ndefu kuonyesha wakati uliopita, s yaongeza alama ya wakati huo, na -men ya mwisho ndiyo "tu-" yetu. Tena viko vitenzi vinavyobadili shina lote, kama "ja" na "njoo". Kwa hiyo yapasa kompyuta ifundishwe sarufi kwanza, iweze kuvua viambishi na kufika kwenye shina. Katika mradi uitwao Perseus, unaoongozwa na Profesa Gregory Crane wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, iko programu ya kuchambua maneno ya Kigiriki kwa namna hiyo. Ukiipa umbo lolote hukutajia shina lake, nafsi na wakati.

Lugha yetu nayo imefanyiwa kazi hiyo hiyo. Tangu miaka ya 1980 Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alitengeneza programu ya kuchambua maneno ya Kiswahili, viambishi na mashina. Chuo hicho kina pia mkusanyiko wa maandishi ya Kiswahili wenye mamilioni ya maneno. Kwa hiyo asitokee mtu kusema kwamba njia hizi ni za lugha za Ulaya tu.

Iko na shida ya tatu, nayo haijakwisha. Andika "panda" peke yake kwenye karatasi. Je, ni kupanda mlima, kupanda mahindi, panda ya njia, au panda inayopulizwa? Mtu huamua kwa kusoma sentensi. Kompyuta siku hizi hujaribu kukisia kwa maneno ya jirani, na mara nyingi hupata, lakini mara nyingine hukosa. Vivyo hivyo logos la Kigiriki laweza kuwa neno, au habari, au hesabu ya mali. Orodha itakuletea yote kwa pamoja. Kuyapambanua ni kazi ya msomaji.

5. HATARI YA KUIAMINI HESABU MNO

Mtoto aweza kusimama mlangoni mwa zizi jioni akahesabu ng'ombe wa mzee wa Kibarabaig, na hesabu yake ikawa sahihi. Lakini mzee ndiye ajuaye yupi ni ndama wa yupi, na yupi alitoka kwa rafiki gani. Tutatoa mifano miwili ya watu waliohesabu.

Mfano wa kwanza ni wa Andrew Morton, mchungaji wa Kanisa la Scotland. Katika miaka ya 1960 alitumia kompyuta kuhesabu maneno madogo ya Kigiriki, kama kai, maana yake "na", na kupima urefu wa sentensi katika barua za Paulo. Wazo lake halikuwa la kipumbavu. Mtu aweza kuchagua maneno makubwa kwa makusudi, lakini "na", "lakini" na "kwa" humtoka bila kufikiri, kama mwendo wake anapotembea. Morton akatangaza kwamba Warumi, Wakorintho zote mbili na Wagalatia ni za mkono mmoja, na kwamba barua nyingine kubwa ni za watu wengine. Magazeti yakashangilia kwamba mashine imesema.

Yule padre Ellison akamjibu mwaka 1965. Alitumia kipimo cha namna ile ile juu ya kitabu cha James Joyce kiitwacho Ulysses, na kipimo kikasema kwamba kitabu hicho kiliandikwa na watu watano. Akakitumia juu ya maandishi ya Morton mwenyewe, nayo yakaonekana kuwa ya waandishi mbalimbali. Baadaye, mwaka 1986, mwanafalsafa Anthony Kenny wa Oxford alichapisha uchunguzi wenye vipimo vingi zaidi. Yeye hakuona sababu katika hesabu zake ya kuzitenga barua 12 kati ya 13 zenye jina la Paulo. Tito peke yake ndiyo iliyomtia shaka.

Je, nani alikosea kujumlisha? Hakuna. Tatizo lilikuwa katika kuamua hesabu hiyo yamaanisha nini. Warumi ina maneno zaidi ya 7,000 ya Kigiriki, na Filemoni ina 335. Mnunuzi wa ngano hawezi kulihukumu shamba zima la Basotu kwa masuke matatu. Tena Warumi 16:22 yatuambia kwamba aliyeshika kalamu alikuwa Tertio. Basi hizo "na" na "lakini", ni ngapi za Paulo, na ngapi za karani wake? Kompyuta haikuulizwa swali hilo, wala isingeweza kulijibu.

Mfano wa pili watoka pwani yetu wenyewe, kwa maana Kigiriki cha kale hakiko mbali nasi kama tudhanivyo. Katika karne ya kwanza mfanyabiashara mmoja wa Misri, ambaye jina lake halijulikani, aliandika kwa Kigiriki kitabu cha kuwaongoza mabaharia, kiitwacho Periplus. Aeleza pwani ya Azania, ambayo ni pwani yetu ya Afrika Mashariki, na soko lake la mwisho, Rhapta, palipokuwa na pembe nyingi za ndovu. Asema mji uliitwa hivyo kwa sababu ya mashua zake zilizoshonwa. Kweli, kitenzi cha Kigiriki rhapto maana yake ni kushona, na watu wa pwani walishona mitepe yao kwa kamba za makumbi kwa karne nyingi baadaye.

Leo kompyuta yaweza kukuonyesha neno hilo katika Periplus, na tena katika jiografia ya Ptolemy wa karne ya pili, kabla hujamaliza kupiga chafya. Lakini Rhapta ilikuwa wapi? Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameutafuta mji huo kwa jembe katika eneo la Rufiji na Mafia, na wataalamu bado hawajapatana. Neno lililotajwa mara chache haliwezi kufundisha zaidi ya pale lilipotajwa, hata likitafutwa na kompyuta elfu. Hapo hapana budi kuchimba.

6. MTU NA MASHINE PAMOJA

Msomaji aweza kuuliza: basi twende na mashine, au tuiache? Jibu zuri lilipatikana mwaka 2022. Kampuni ya DeepMind na wataalamu wa vyuo vikuu vya Venice, Oxford na Athens walitengeneza programu iitwayo Ithaca. Kazi yake ni kujaza maneno yaliyofutika katika maandishi ya Kigiriki yaliyochongwa juu ya mawe. Wanahistoria walipofanya kazi hiyo peke yao walipata kwa usahihi asilimia 25. Programu peke yake ilipata asilimia 62. Wanahistoria walipofanya wakiwa na programu mkononi walipata asilimia 72. Programu iliwaletea maneno yanayowezekana, nao wakachagua kwa kujua miji, miungu, sheria na desturi za watu wale.

Lakini tutoe onyo moja. Siku hizi ziko programu za kuzungumza nazo kama mtu, na vijana wetu huziuliza habari za Kigiriki. Zajibu kwa ufasaha mwingi, hata zisipokuwa zimehesabu kitu. Ukiziuliza, ziombe zikutajie sura na mistari, kisha uifungue mwenyewe. Mistari isipopatikana, au isiposema hivyo, usilipeleke jambo hilo mimbarani.

Kwa sisi walimu hesabu ina faida nyingine tena. Agano Jipya la Kigiriki lina maneno mbalimbali kama 5,400. Lakini maneno kama 310 yanayotokea mara 50 au zaidi yafanya karibu asilimia 80 ya maandishi yote. Kai peke yake latokea kama mara 9,000. Kwa hiyo katekista mwenye bidii akijifunza maneno mawili kila siku, kwa miezi sita hivi atakuwa ameyafahamu yale yanayotokea zaidi. Sarufi itabaki kumtoa jasho, lakini hatakuwa mgeni kabisa.

7. TULIVYOREKEBISHA

Baada ya kuhesabu tuliiandika ile mistari kwenye karatasi tukaenda nyumbani kwa yule mama. Tulimwambia kwamba tulifundisha jambo bila kulipima, na kwamba jibu letu la mlangoni halikuwa kweli. Waliofasiri Biblia yetu hawakukosa maneno. Yohana ayatumia hayo mawili kwa jambo moja, nao wakaweka "kupenda" pote.

Hakutujibu upesi. Alileta Biblia yake, akavaa miwani, akasoma mstari mmoja mmoja kwa sauti huku sisi tukimtajia neno la Kigiriki lililopo. Alipomaliza ile miwili ya Lazaro akasimama kidogo. "Hapa Kigiriki kimebadilika?" Tukasema, kimebadilika. "Na Kiswahili hakikubadilika, na mimi sikupotea." Akaendelea kusoma hadi mwisho wa orodha. Mkutano uliofuata alisoma yeye.

Basi wale walioandika maelezo yetu ya Jumapili ile katika madaftari yao, twawaomba wayapige mstari, waandike pembeni: Yn. 3:35 na 5:20. Atakayetaka orodha nzima na aje nyumbani, tutampa anakili.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Gawaneni 1 Yohana 4:7-21 kati ya watu watatu. Kila mmoja ahesabu kwa kalamu maneno yote yenye shina la "penda" katika mistari yake. Kisha tafuteni kwa simu. Ni maneno gani simu iliyakosa, na kwa nini?

2. Tajeni maneno mengine ya Kiswahili, au ya Kiiraqw, au ya Kibarabaig, yenye maana zaidi ya moja kama "panda". Mtu wa nje angejuaje maana inayotakiwa?

3. Je, mmewahi kufundishwa jambo kwa maneno "Kigiriki chasema hivi"? Chagueni moja, mtafute mistari yote penye neno hilo, mwone kama lasimama.

4. Mwalimu akigundua kwamba alifundisha kosa, afanye nini kwa wale walioondoka nalo?